Mkono Ulio Juu

Mfuniko wa sufuria ulianguka gizani. Ulitua kwa ukingo, ukazunguka sakafuni ukijigongagonga, ukaongeza kasi kadiri ulivyokaribia kulala, halafu ukanyamaza.

Ilikuwa alfajiri, jogoo bado. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni, na nyumba ile ya vyumba viwili, iliyobanwa nyuma ya mashine ya kusaga, ilikuwa na ukimya ambao wenyewe hawakuuzoea.

"Nani anavunja nyumba huko?" Bibi alifoka kutoka kitandani kwake, upande wa pili wa pazia.

"Panya, mama," mkwewe akajibu.

"Panya ndiye anayefunua sufuria siku hizi? Sema hukuweka jiwe juu. Mimi nilipoolewa nilikuwa naweka jiwe."

Msagaji, mume wa huyu na mwana wa yule, aligeuka ubavu akauliza kama anayemwita mtu wa ng'ambo ya mto, "Mnasemaje?" Mashine ilikuwa imemla nusu ya masikio, na hiyo nusu iliyobaki ilikuwa bado na usingizi.

Mkono wa mkewe ulikuwa umepapasa mkeka wa pembeni ukamkuta binti yao amelala fofofo, mdomo wazi. Chiriku. Mtoto wa miaka sita aliyepewa jina hilo kwa sababu ya kutofunga domo, ambaye zamani mjusi akikwaruza bati tu anakaa kitako na kuuliza ni nini. "Chiriku," mama akaita. Akaita tena kwa nguvu. Akainuka, akapapasa hadi akaupata mfuniko, akauinua, akauachia uanguke kando kabisa ya sikio la mtoto.

Bibi aliruka. Msagaji aliruka. Chiriku alivuta pumzi ndefu, akajikunja vizuri zaidi.

"Umepandisha mashetani, mwanamke wewe?"

"Mama, mtoto hasikii."

"Amelala."

"Hasikii."

"Nimekwambia amelala! Juzi tu nimemtuma chumvi, akaleta chumvi."

"Ulimtuma ukiwa mbele yake."

Msagaji aliwasha tochi ya simu. Mwanga ulipompiga machoni, Chiriku aliamka papo hapo, akawaona watu wazima watatu wamemwinamia kama wanaotafuta sindano. Akacheka.

"Kumekucha?" akauliza.

Katika nyumba nyingine wangegundua siku ya kwanza. Katika nyumba hii kila mtu alizungumza kwa kupiga kelele, na pale kelele ziliposhindwa na mashine walizungumza kwa mikono. Kidole kikizungushwa hewani, washa. Kiganja kikipitishwa shingoni, zima. Vidole vikisuguana, mteja anataka unga laini. Chiriku alizijua ishara hizo kabla hajaota meno ya mbele, na kusoma midomo ya wateja kulikuwa ndio mchezo wake. Homa kali iliyomlaza hospitali ilipomwachia alirudi uani amekonda, akaendelea kuleta chumvi, kubeba debe, kujibu aliyemtazama. Mwenyewe alidhani mashine imetengenezwa. Alidhani baba yake, ambaye kila siku aliapa kwamba ataitengeneza, hatimaye ameitengeneza, nayo haipigi kelele tena.

Wiki hiyohiyo dereva wa lori la mahindi alipiga honi uani mpaka akachoka. Akashuka, akamnyanyua Chiriku kwapani kama kuku, akamweka kando. "Mtoto wenu huyu kiziwi?" akauliza.

"Kiziwi mama yako," Bibi akamjibu. Kisha akamzaba Chiriku kofi kwa kiburi cha kutosikia wakubwa.

Sasa, katika mwanga wa tochi, Bibi aliutazama mkono wake mwenyewe.

*

Hospitali walikwenda watatu, Bibi, mama na mtoto. Msagaji alibaki na mashine kwa sababu umeme ulikuwa umerudi na magunia ya watu yalikuwa yamelundikana.

Kwenye benchi mama alikaa akimwangalia Chiriku akihesabu vigae vya ukutani kwa sauti, na watu wakigeuka kumtazama. Akili yake yote ilikuwa kwenye vigae vile. Mhudumu alipoita dirishani, hakusikia.

"Wewe mama! Unaitwa mpaka lini? Umeziba masikio?"

Benchi zima likacheka. Chiriku alipoona watu wanacheka, naye akacheka.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya mtu aliyekesha. Alimpima kwa mashine, akampima kwa kengele, akamgeuza akapiga makofi nyuma yake. Mwishowe akaketi.

"Homa alikaa nayo nyumbani siku ngapi kabla hamjamleta?"

"Tatu," mama akasema.

Bibi aliitazama sakafu. Ni yeye aliyesema tusubiri. Siku ya kwanza alisema, watoto wote hupata joto. Siku ya pili alisema, nimemwombea, tusubiri, Mungu anaponya. Siku ya tatu shingo ya mtoto ilikakamaa, wakakimbia naye barabarani bila viatu.

"Siku tatu," daktari akarudia. "Hiyo ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Ameponea chupuchupu. Lakini mishipa ya kusikia imekufa, pande zote mbili, na ikishakufa hairudi. Sitaki kuwadanganya."

"Angeletwa siku ya kwanza?" mama akauliza.

"Labda ingekuwa hivihivi." Akakuna kidevu. "Labda."

Ile labda ya pili ndiyo waliyotoka nayo nje. Njia nzima Chiriku peke yake ndiye aliyeongea, akiwa katikati yao, akiwaeleza habari za vigae.

*

Mwalimu wa darasa la wasiosikia alikuwa mwanamke mfupi mwenye chaki hadi kwenye nyusi. Darasa lake lilikuwa chumba cha mwisho cha shule ya kawaida ng'ambo ya soko, na ndani yake watoto kumi na wawili walikuwa wakigombana kwa mikono, kwa kasi ambayo macho ya mama hayakuweza kuifuata. Mama alianza kulia mlangoni.

"Machozi baadaye, mama, hapa nina kazi," mwalimu akasema. "Ana miaka mingapi? Bado anasema? Vizuri sana. Basi tuna haraka. Mtoto asiyesikia, maneno huyapoteza kidogokidogo. Leo anasema yote, mwakani utashangaa. Nikimpata mapema nitamshikilia hayo aliyo nayo, na nitampa ya mikono pia."

"Kwa hiyo aje lini?"

"Jumatatu. Mmoja amehama, nafasi ni hiyo moja, na nyuma yako kuna wengine. Lakini sikiliza. Namtaka na baba. Mwaka jana akina mama watatu waliniletea watoto kwa kujiiba, halafu akina baba wakaja kunitukania hapahapa na kuwaondoa. Nimechoka kutukanwa. Mje wawili, au msije."

Chiriku alikuwa ameshaingia. Alisimama mbele ya mvulana mmoja, akasugua vidole vyake kama mteja anayetaka unga laini. Mvulana alimtazama, akaielewa ishara hiyo vingine kabisa, akampa chaki yake.

*

Mkanda wa mashine uliruka adhuhuri ya siku iliyofuata, foleni ikiwa imefika barabarani.

Mkanda ukiruka, kazi ilikuwa na utaratibu wake, na msagaji hakuwahi kuuvunja hata siku moja, maana fundi aliyemfundisha alikuwa na vidole viwili tu mkono wa kushoto. Yeye anazima. Mkewe anaacha mizani, anakwenda kusimama kwenye swichi, anainua mkono wa kulia juu, kiganja wazi. Ndipo msagaji anaingiza mkono wake hadi begani kati ya magurudumu. Humo ndani haoni anachoshika wala hasikii anayesema. Anachoona ni kile kiganja tu, kwa pembe ya jicho. Maana yake: niko hapa, nakuona, hakuna atakayegusa. Na kiganja hakishuki mpaka yeye ametoka, hata nzi akitua puani kwa mwenye nacho.

"Mwalimu anatutaka wote wawili Jumatatu," mkewe akasema, mkono juu.

"Mwalimu gani?"

"Unamjua, nimeshakwambia."

"Na mimi nimeshakwambia!" Msagaji alipiga kelele kama kawaida yake, akisahau kwamba mashine imezimwa. Foleni nzima ikanyamaza kusikiliza. "Mwanangu haendi kwenye shule ya mabubu! Mwanangu anaongea! Anaongea kuliko mama yako!"

"Anaongea leo. Mwalimu amesema..."

"Mwalimu, mwalimu! Kwani mwalimu ndiye aliyemzaa?"

"Hata wewe hukumzaa, ulisubiri nje," akasema muuza mkaa, mwanamke aliyekuwa wa tatu kwenye foleni na ambaye ulimi wake ulijulikana mtaa mzima. Watu wakacheka. Msagaji alikuwa ameshaingiza mkono wote ndani, shavu lake limegandamizwa kwenye bati, na hasira ikamtoka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Na huyo Mungu wako unayemwomba kila usiku, alikuwa wapi mtoto akiungua na homa? Eti? Alikuwa wapi?"

"Labda alikuwa kwenye foleni hii," muuza mkaa akasema. "Ndefu."

Safari hii walicheka wachache, tena kwa aibu. Mkono wa mama ulikuwa bado juu. Angeweza kuushusha. Angeweza kuushusha akaingia ndani akafunga mlango na kujifunika shuka, na watu wakaenda kusagisha kwingine.

"Sijui alikuwa wapi," akasema. "Nimemuuliza, hajaniambia. Lakini wewe hapo umeingiza mkono mpaka begani. Unasikia nini humo?"

"Sisikii kitu. Nitasikia nini?"

"Unaniona?"

"Naona kiganja."

"Na hujautoa mkono."

Msagaji akavuta mkanda. "Wewe nakujua," akasema.

"Na mimi yeye namjua."

"Basi mngejuana vizuri asingekufanyia hivi."

Mkanda ukakaa. Akautoa mkono wake mweusi wa grisi, akaonyesha swichi kwa kidevu bila kumtazama mkewe. Mashine ikanguruma, na foleni ikalazimika kurudi kwenye mambo yake.

*

Bibi hakungoja. Alhamisi aliwaleta wanawake wa maombi, sita pamoja na kiongozi wao, mnene, mpole, mwenye sauti iliyokauka kwa kukesha na wagonjwa wa watu. Mtaa ulimwita Mama Maombi. Ndiye aliyekaa na muuza mkaa alipofiwa, na ndiye aliyemzika yule mlevi wa pale kona ambaye hakuwa na mtu. Hakuna aliyeweza kumsema vibaya.

Walisimama kwenye baraza ya mashine, Chiriku katikati, miguu mitupu kwenye saruji. Waliomba kwa muda mrefu. Mama naye aliomba, tena kwa moyo wote, akiwa amefumba macho kwa nguvu mpaka akaona nyota, kwa sababu kama lingetokea, nani angelikataa?

Mama Maombi akachuchumaa mbele ya mtoto, akamshika mashavu. "Unaitwa nani, mwanangu?" akauliza taratibu, mdomo ukifunguka neno kwa neno.

"Chiriku."

Wanawake wakavuta pumzi.

"Na yule ni nani?"

"Bibi."

Wakati huohuo, ndani, msagaji ambaye hakuwa na habari aliwasha mashine. Mtikisiko ulipita kwenye saruji, ukapanda kwenye nyayo za mtoto. Chiriku akageuka mlangoni.

"Amegeuka!" Bibi akapiga kelele. "Mmeona? Amesikia mashine! Amesikia!" Akapiga magoti palepale kwenye pumba, akalia kwa sauti ambayo mkwewe hakuwahi kuisikia kwake. Vigelegele vikajaa uani.

"Ni miguu," mama alijaribu kusema. "Jamani, ni miguu. Amesikia kwa miguu."

Hakuna aliyemsikia. Aliyekuwa karibu alimshika kiwiko akamnong'oneza, "Shoga, baraka ikija usiisimamie mlangoni na fimbo."

Shukrani ilipangwa Jumapili alasiri, uani hapohapo, mtaa wote ukaribishwe, mtoto mwenyewe aseme kwa kinywa chake.

Jioni ile msagaji alikula vizuri kwa mara ya kwanza tangu alfajiri ya mfuniko. Alikata ubishi kabla haujaanza. "Mtoto amepona. Jumatatu nina magunia ya shule, siendi popote."

Mkewe aliinuka. Alichukua mfuniko na mwiko, akaenda kusimama nyuma ya Chiriku aliyekuwa anapanga vizibo vya chupa sakafuni, akagonga. Akagonga tena. Vizibo viliendelea kupangwa, kimoja, kingine.

"Acha," msagaji akasema. Alikuwa anatazama sahani yake.

"Mtazame mwanao."

"Nimesema acha!"

"Usimjaribu Mungu katika nyumba hii," Bibi akasema. "Ndiyo maana mambo yako hayaendi. Huna imani, kila kitu unataka kukigonga na mwiko. Watu wamesimama wakaomba kwa ajili ya mtoto wako, wewe unatafuta ukiziwi kama mtu aliyepoteza pete!"

"Mimi sina imani?" Mama aligeuka, mwiko mkononi. "Mimi? Nani aliyesema tusubiri, mama? Siku tatu. Nani aliyesema?"

Kijiko cha msagaji kikasimama hewani.

"Rudia," Bibi akasema.

"Nani aliyesema tusubiri?"

Bibi hakufoka. Alijivuta, akashika ukuta, akasimama, na alipopita karibu na mkwewe kuelekea kwenye pazia lake alisema kwa sauti ndogo, ndogo kiasi kwamba mwanawe hakuipata, "Ndiyo maana lazima awe amepona."

Mama alibaki amesimama. Alitamani neno lake lirudi. Lakini lilikuwa limeshatoka, na mwiko bado ulikuwa mkononi.

*

Zamani sala ya kulala waliisali baada ya kuzima taa. Sasa, taa ikizimwa, Chiriku alikuwa anabaki peke yake duniani, kwa hiyo mama aliiacha ikiwaka, akaketi mbele yake ili midomo ionekane. Ilikuwa Jumamosi. Nje viti vya kuazima vilikuwa vimeshapangwa.

"Kesho Bibi amesema niseme nasikia," Chiriku akasema.

"Unasikia?"

Chiriku akatikisa kichwa. Baadaye akasema, "Kidogo," akamtazama mama usoni kuona kama jibu hilo limefaa zaidi.

"Chiriku."

"Hapana. Sisikii." Akavuta uzi wa shuka. "Nikisema hivyo Bibi atalia."

"Atalia, ndiyo."

"Na Mungu atakasirika?"

"Hapana."

"Umejuaje?"

Kila alilotaka mama kusema lilikuwa limeshasemwa juma zima na watu wenye sauti kubwa kuliko yake.

"Na yeye ataniambiaje kitu?" Chiriku akaendelea. "Mimi sisikii na yeye simwoni mdomo."

Alichokuwa nacho mama ni mkono wake wa kulia, nao ukapanda wenyewe, kiganja wazi.

Chiriku akacheka. "Hiyo si ya mashine?"

"Maana yake nini?"

"Niko hapa, nakuona. Siondoki."

"Basi ni hivyo."

Mtoto alikitazama kile kiganja, akakifikiria kwa makini kama alivyofikiria mambo yote. "Mkono wake hauchoki?"

"Wangu ndio unaochoka," mama akasema. Na kweli ulikuwa umeanza kuuma. Ila hakuushusha, mpaka macho ya mtoto yalipofumba.

Kitandani msagaji alikuwa amewapa mgongo. Mazungumzo hayo hakuyasikia, masikio yake hayakuwa ya kusikia watu wanaonong'ona. Lakini alikuwa ameuelekea ukuta, na ukutani mbele yake, kikubwa, cha vidole vitano, kulikuwa na kivuli cha mkono wa mkewe. Alikitazama mpaka kiliposhuka. Usingizi haukumjia upesi.

*

Jumapili uani kulijaa. Walikuja waliosali na wasiosali, akaja yule dereva wa lori kwa kuwa alikuwa anapita, akaja muuza mkaa na kiti chake mwenyewe maana vya kuazima alisema vina kunguni. Bibi alivaa nguo yake ya heshima. Alikuwa anatembea kati ya watu akigusa mabega yao, anacheka, anaulizia wagonjwa wao, na aliyemfahamu angeona kwamba mikono yake ilikuwa inatafuta kitu cha kushika.

"Mkwe amekasirishwa na nini?" mtu mmoja akauliza bila kujificha. "Mwanawe amepona, amenuna kama aliyeibiwa."

"Wengine furaha haiwafai," akajibu mwenzake.

Mama alisikia. Alikuwa amekaa mstari wa nyuma, mikono mapajani. Usiku alikuwa ameamua kitu kimoja tu: hatamfundisha mtoto la kusema, hatamkonyeza, hatatikisa kichwa. Bibi alikuwa ameshamfundisha, yatosha. Kama ni kweli alimwachia Mungu jambo hili, basi alikuwa amemwachia. Lilikuwa jambo gumu kuliko kubeba gunia.

Mama Maombi aliomba kwa ufupi. Kisha akasema, "Aje mwenyewe, tumsikie."

Chiriku alikuwa mfupi, watu wa nyuma hawakumwona, kwa hiyo Bibi alimnyanyua akamsimamisha juu ya mizani ya magunia. Mshale wa mizani ukaruka, ukatetemeka, ukatafuta mahali pake. Dereva wa lori alisema, "Nusu debe," na watu wakacheka kwa wema.

"Chiriku," Bibi akasema, akiwa amesimama mbele yake, uso kwa uso, akifungua mdomo vizuri. "Waambie watu. Waambie Mungu amekutendea nini. Unasikia, sivyo, mjukuu wangu? Waambie."

Chiriku aliisoma midomo hiyo hadi mwisho. Aliona kwamba inatetemeka. Alimtafuta mama yake, akamwona nyuma, mikono mapajani, uso umefungwa kama mlango. Hapo hakukuwa na kitu cha kusoma. Aliwatazama watu, midomo yao yote imenyamaza, wote wakimngoja. Mshale ulikuwa bado unatetemeka chini ya miguu yake.

Ndipo akamtazama baba yake.

Msagaji alikuwa amesimama kwenye mlango wa mashine, karibu na swichi, mahali ambapo mkewe husimama. Hakutaka kukaa na watu. Alikuwa amekunja mikono kifuani na uso wake ulikuwa mbaya, uso wa mtu anayetaka kugombana na asiyejua aanze na nani. Aliona macho ya mtoto yanamjia. Aliona jinsi yanavyomsubiri aseme kitu, yeye ambaye hakuwa na la kusema kwa mtu yeyote, wala kwa Mungu.

Akaikunjua mikono. Ule wa kulia ukapanda juu, kiganja wazi, unga umejaa kwenye mistari yake.

Mkewe aliona watu wanageuka, akageuka naye. Akaziba mdomo.

"Baba Chiriku, unafanya nini?" Bibi akasema. "Shusha mkono. Mwanangu, shusha mkono, watu wanatazama!"

"Anapunga nini huyo?" mtu akauliza.

"Nyamazeni," akasema muuza mkaa.

Msagaji hakuushusha. Nzi alitua kwenye kifundo cha mkono wake, akatembea mpaka kwenye kiwiko, akaruka. Mkono ulibaki palepale.

Juu ya mizani, Chiriku alivuta pumzi. Aliinama kidogo, akaushika uso wa bibi yake kwa mikono miwili, kama Mama Maombi alivyomshika yeye, ili Bibi asikosee kumsoma midomo. Na kwa sauti ya nyumba yao, ile ya kushindana na mashine, iliyovuka ua ikafika hadi barabarani, akasema:

"Bibi, mimi sisikii."